Suluhu au Sare Tasa? Lugha ya Kiswahili na Elimu ya Kuutazama Mpira wa Miguu

Utangulizi



Mechi ya mpira wa miguu inapokwisha bila timu yoyote kuliona lango la mwenzake, waandishi wa Kiswahili wa habari za michezo hawatumii jina moja kuyaeleza matokeo hayo. Katika magazeti ya Dar es Salaam aghalabu tunasoma kwamba timu hizo zimetoka suluhu. Katika maandishi ya Nairobi mara nyingi tunasoma kwamba zimetoka sare tasa. Zikiwa zimefungana bao moja kwa moja, waandishi wa pande zote mbili husema sare, na tofauti yao huishia hapo. Kwa hiyo tofauti inahusu lile pambano lisilokuwa na bao, na inafaa tujiulize kila jina limebeba mtazamo gani.

Suluhu ni neno la barazani. Hutumika pale wawili waliogombana wanapopatanishwa, kila mmoja akaondoka na heshima yake. Tasa ni neno la uzazi. Husemwa juu ya kiumbe kisichozaa, na halina heshima ndani yake. Anayesema suluhu anatuambia kwamba yametokea mengi, ila hapakupatikana mshindi. Anayesema sare tasa anatuambia kwamba hapakuzaliwa kitu. Nina hakika kwamba waandishi hao, wanapoharakisha kupeleka habari chumba cha uhariri, hawakusudii falsafa yoyote. Hata hivyo, lugha hubeba falsafa hata pale msemaji asipoikusudia.

Swali la mhadhara huu basi ni hili: je, dakika 90 zisizozaa bao ni tasa kweli? Nitajaribu kuonyesha kwamba bao ndilo jambo la uwanjani linalohitaji lugha kidogo kuliko mengine yote. Wavu ukitikisika, hata mgeni asiyejua mchezo ataona kwamba limetukia jambo. Yaliyotangulia bao hilo, pamoja na yale yaliyolizuia lisipatikane, hayaonekani kwa urahisi mpaka yapewe majina. Kiswahili, kwa sababu za kihistoria nitakazozieleza, kilijikuta kinaifanya kazi hiyo ya kuyapa majina, na kwa njia hiyo kikawafundisha mamilioni ya watu kuutazama mchezo. Nitamalizia kwa kueleza kwa nini hazina hiyo imo hatarini.

Yanayokumbukwa bila kuwa mabao

Tuanze na Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Meksiko. Brazili ilitwaa kombe hilo kwa mabao mengi na mazuri. Lakini waulize wapenzi wa mchezo wakutajie matukio ya mashindano yale, nao watakutajia mawili ambayo hayakuandikwa kwenye ubao wa matokeo. La kwanza lilitokea tarehe 7 Juni mjini Guadalajara. Jairzinho alimimina krosi, Pelé akaruka na kuupiga mpira kichwa kuelekea chini, karibu kabisa na mlingoti, na mlinda mlango wa Uingereza, Gordon Banks, akajitupa na kuupangua juu ya mwamba. La pili lilitokea siku kumi baadaye katika nusu fainali dhidi ya Uruguay. Pelé alikimbilia pasi ya kupenyeza, akamkuta mlinda mlango Ladislao Mazurkiewicz akitoka. Badala ya kuugusa mpira, aliuacha upite upande mmoja, naye akapita upande wa pili, akamzunguka kipa na kuufuata. Shuti lake lilipita nje kidogo ya lango.

Katika takwimu, matukio yote mawili ni sufuri. Kiswahili, hata hivyo, kina jina la alichokifanya Pelé: ni chenga ya mwili. Katika chenga ya mwili mpira hauguswi, na kinachomdanganya mpinzani ni kiungo, bega na mwelekeo wa mwili. Mtu mwenye jina hilo kichwani ataliona tendo. Asiyekuwa nalo ataona tu kwamba Pelé alikosa bao.

Mfano wa pili ni fainali ya mwaka 1994 iliyochezwa Pasadena, Marekani, kati ya Brazili na Italia. Hiyo ilikuwa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kumalizika bila bao hata moja, hata baada ya dakika 120, na ya kwanza kuamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Dunia inaikumbuka kwa penalti ya Roberto Baggio iliyopaa juu ya mwamba. Lakini katika pambano lile alikuwamo beki wa Italia, Franco Baresi, aliyeumia goti katika mechi ya pili ya mashindano, akafanyiwa upasuaji, na akarejea uwanjani kabla hazijatimia wiki nne. Alicheza dakika zote 120 mbele ya Romário na Bebeto, na wote wawili hawakupata bao. Yeye pia alikosa penalti yake, na ubao wa matokeo hauna pengine pa kumweka. Je, mechi hiyo tuiite tasa? Kwa Baresi, na kwa mtu aliyemtazama Baresi, neno suluhu lina haki zaidi.

Sheria ya kuotea na asili ya namba tano

Ndugu Mwenyekiti, lugha ya mchezo ni kumbukumbu ya historia yake, hata pale ambapo wasemaji wamekwisha kuisahau historia yenyewe. Nitachukua mifano miwili: kitenzi kuotea na jina namba tano.

Maana ya msingi ya kuotea ni kuvizia: mwindaji hujificha mahali akingoja windo lipite. Waliolichagua neno hilo kuitafsiri sheria ya mpira waligusa kiini chake, kwani sheria hiyo imewekwa kumzuia mtu asikae karibu na lango la mwenzake akivizia mpira umfikie. Kanuni za Uingereza za mwaka 1863 zilikuwa kali mno: kila mchezaji aliyekuwa mbele ya mpira alihesabiwa kuwa nje ya mchezo. Mwaka 1866 ilikubaliwa kwamba mchezaji hajaotea endapo kuna wapinzani wasiopungua watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1907 ikaongezwa kwamba mtu hawezi kuotea akiwa katika nusu ya uwanja wake mwenyewe.

Sheria ya watu watatu iliwapa mabeki werevu silaha. Beki mmoja alisogea mbele, mwenzake akabaki nyuma kama akiba, na washambuliaji wakajikuta wameotea kila mara. Bill McCracken wa Newcastle United alipata sifa, na lawama nyingi, kwa ufundi wa mtego huo. Mwenye kuvizia naye akawa anaviziwa. Mechi zilikwamakwama katikati ya uwanja, na mwaka 1925 wenye mamlaka ya sheria wakaamua kupunguza idadi ya wapinzani kutoka watatu hadi wawili.

Matokeo yalionekana mara moja. Katika daraja la kwanza la Uingereza yalifungwa mabao 1,192 msimu wa 1924/25, na msimu uliofuata yakafungwa 1,703, kwa idadi ileile ya mechi. Mwenye kuhesabu mabao atatosheka na tarakimu hizo. Lakini badiliko lenye maana kubwa zaidi kwa historia ya mchezo lilitokea mahali pengine. Tarehe 3 Oktoba 1925 Arsenal, iliyokuwa imeanza kufundishwa na Herbert Chapman mwaka huohuo, ilifungwa 7–0 na Newcastle. Mchezaji wake Charles Buchan alishauri kwamba sentahafu arudishwe nyuma, asimame katikati ya mabeki wawili. Hadi wakati huo sentahafu alikuwa kiungo, mtu wa kushambulia na kulinda kwa pamoja. Sasa akawa nguzo ya ulinzi. Umbo la timu likabadilika, na timu nyingi zikafuata mkondo huo.

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Mpenzi wa mpira wa Tanzania akitaka kujua nafasi ya mchezaji huuliza, “Anacheza namba ngapi?” Akiambiwa namba tano, anaelewa mara moja kuwa ni beki wa kati. Lakini kwa nini beki wa kati awe wa tano, ilhali mabeki wa pembeni ni wa pili na wa tatu? Hesabu hiyo ni ya mfumo wa kale wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Namba mbili na tatu walikuwa mabeki. Nne, tano na sita walikuwa viungo. Saba hadi kumi na moja walikuwa washambuliaji. Jezi za namba zilipofanywa kuwa lazima katika ligi ya Uingereza mwaka 1939, sentahafu alikuwa amekwisha rudi nyuma, lakini alirudi na namba yake ya kiungo. Baadaye namba nne naye akamfuata, na namba sita akabaki peke yake mbele yao. Hivyo kijana wa Manzese au Magomeni anayesema “mimi nacheza namba tano” anatunza, bila kujua, habari ya badiliko la sheria la mwaka 1925. Wanaisimu huziita athari za namna hii visukuku vya lugha.

Na namba inaweza pia kudanganya. Tarehe 25 Novemba 1953 timu ya Hungaria iliishinda Uingereza 6–3 katika uwanja wa Wembley. Nándor Hidegkuti alivaa namba tisa, namba ya mshambuliaji wa kati, lakini alicheza nyuma, karibu na viungo. Namba tano wa Uingereza, Harry Johnston, hakujua afanye nini. Akimfuata, anaacha pengo mbele ya lango. Asipomfuata, anamwachia uhuru wa kuugawa mpira. Hidegkuti alifunga mabao matatu siku ile, na watu huyataja hayo. Aliyeyapikia mabao sita hayo, hata hivyo, ni ule umbali wa hatua chache alizorudi nyuma, na hatua hizo hazionekani katika orodha yoyote ya wafungaji.

Masikio yaliyofunzwa kuona

Mchezo huu uliingia pwani yetu katika karne ya 19, na miongoni mwa milango yake ilikuwa shule ya misheni ya UMCA pale Kiungani, Unguja. Kufikia mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage. Klabu ya Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na klabu tunayoiita leo Simba ilianzishwa mwaka uliofuata. Maneno ya Kiingereza yaliingia pamoja na mchezo: goli, beki, pasi, kona, penalti, refa, krosi. Lakini kilichoijenga lugha ya kandanda, kwa maoni yangu, ni redio.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1974, lakini Tanzania Bara iliipata mwaka 1994 tu. Hata Kenya, iliyokuwa na televisheni tangu mwaka 1962, wengi wa wananchi wake waliendelea kutegemea redio kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya kizazi kizima, mpira wa miguu kwa wasemaji wengi wa Kiswahili ulikuwa mchezo wa kusikilizwa.

Fikirini mzigo wa mtangazaji katika hali hiyo. Bao huchukua sekunde chache. Mechi yenye mabao mawili inamwachia dakika 89 za kujazwa, na mbele yake wapo wasikilizaji wasioona kitu. Hawezi kunyamaza. Inambidi aseme mpira uko upande gani, nani anao, nani anamkaba, na nani amekaa peke yake pembeni akiomba apewe. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary nchini Tanzania, na Leonard Mambo Mbotela nchini Kenya, walikuwa walimu wa fani hii, ingawa hapana chuo kilichowapa cheo hicho.

Kutokana na kazi yao, na ya wachezaji na mashabiki waliowalisha maneno, ikapatikana msamiati ambao sehemu kubwa yake inahusu yasiyo mabao. Mpira ukipitishwa katikati ya miguu ya mpinzani, amepigwa tobo. Ukipitishwa juu ya kichwa chake, amevishwa kanzu, nayo ni picha ambayo kila mtu wa pwani anaielewa, kwa kuwa kanzu huvaliwa kupitia kichwani. Anayeuchezea mpira hewani bila kuuangusha anapiga danadana. Mwamba wa juu wa lango ukaitwa mtambaa panya, kama ule mti wa darini anamopita panya. Dakika za mwisho zikaitwa lala salama. Ufundi usiokuwa na faida ukaitwa madoido au mbwembwe, na hapo lugha ikawa imetoa hata hukumu, kwani si kila chenga ni elimu.

Ni kweli kwamba bao nalo lina nafasi yake katika mazungumzo ya kila siku, na aliyezidiwa ujanja husema amepigwa bao. Lakini tazameni maneno mengine yaliyotoka uwanjani na kuingia katika maisha. Mwananchi anayetumwa ofisi hii hadi ile bila kuhudumiwa analalamika kwamba anapigwa danadana. Mwanasiasa anayekwepa swali amelipiga chenga. Kampeni za siku za mwisho ni za lala salama. Watu waliposaka maneno ya kuyaelezea maisha yao, mengi waliyokwenda kuyachukua ni yale ya katikati ya mchezo, pengine kwa sababu sehemu kubwa ya maisha hupita huko.

Sarufi ya pasi

Msamiati peke yake usingetosha. Muundo wa kitenzi cha Kiswahili nao ulimfaa sana mtangazaji. Chukueni neno moja, anamwachia. Ndani yake tunaye anayetenda, tunao wakati, tunaye anayetendewa, na kwa kauli ya kutendea tunajua kwamba tendo linafanyika kwa ajili ya mwingine. Kwa neno moja linalotamkwa kwa pumzi moja, msikilizaji amepewa watu wawili na uhusiano wao. Kauli ya kutendeana inaongeza jambo jingine: tukisema wanagongeana, tumeona mpira ukienda na kurudi, na hatuhitaji tena kutaja nani alianza.

Mfano bora wa jambo hili ni jina ambalo mashabiki wa Tanzania wameupa mchezo wa pasi fupifupi za haraka: kampa, kampa tena. Mnaweza kulichambua kwa njia mbili. Huenda ni akampa, yenye kiambishi -ka- cha masimulizi ya matukio yanayofuatana, iliyopoteza irabu yake ya mwanzo. Huenda pia ni ile ka- ya mazungumzo inayosikika katika kaja na kaenda, yenye maana ya amekuja na amekwenda. Kwa vyovyote vile, tunachokipata ni jina la mtindo lililoundwa kwa kitenzi kupa. Mtendaji hatajwi kwa jina, mpokeaji hatajwi kwa jina, na hata mpira hautajwi. Wala hapana bao ndani yake. Kinachosifiwa ni kupeana kwenyewe.

Hispania ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2010 kwa kufunga mabao manane tu katika mechi saba, na kushinda mechi zote nne za mtoano kwa 1–0, wengi waliuona mtindo wake kuwa mpya. Mtu aliyezoea kusikia kampa, kampa tena alikuwa na jina la kuufafanua.

Hata hivyo, uchunguzi wa haki hautaji sifa tu. Mtangazaji wa redio hana budi kuufuata mpira, na kwa hiyo maneno aliyotuachia humfuata zaidi mwenye mpira. Kwa mchezaji asiye nao tuna mafungu ya maneno kama kutafuta nafasi, kumvuta beki, kujipanga au kusoma mchezo, lakini hatuna wingi wa majina ya mkato kama tobo na kanzu. Zile hatua chache za Hidegkuti bado hazina jina moja tunalolitumia sote. Hapa ndipo kazi ya wanafunzi wa leo inapoanzia, maana televisheni inaonyesha uwanja kwa upana ambao redio haikuweza kuutoa.

Mabao hayana uzito mmoja

Historia ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi kwamba hata mwenye kuhesabu mabao tu hawezi kuikwepa elimu hii. Mwaka 1987 Gor Mahia ya Kenya ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Ilitoka sare ya 2–2 mjini Tunis, kisha sare ya 1–1 Nairobi. Haikushinda mechi hata moja kati ya hizo mbili, bali ilitwaa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mwaka 2023 Young Africans ya Tanzania ilifungwa 2–1 na USM Alger jijini Dar es Salaam katika fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, ikaenda Algiers na kushinda 1–0, na kwa kanuni ileile kombe likabaki Algeria. Mmoja hakushinda mechi akapata kombe. Mwingine alishinda mechi ya mwisho akalikosa.

Aliyeangalia tarakimu peke yake ataona bahati, nzuri kwa huyu na mbaya kwa yule. Aliyeutazama mchezo atauliza maswali mengine: timu ilijilinda vipi nyumbani ikijua kwamba bao moja la mgeni lina uzito wa ziada? Nani aliituliza mechi mashabiki walipokuwa wakidai mashambulizi? Mpira ulipotezwa wapi kabla ya lile bao la ugenini?

Mfano mwingine ni wa mwaka 1979, pale bao la Peter Tino mjini Ndola lilipoipa Tanzania sare ya 1–1 na Zambia, na kwa sare hiyo nchi yetu ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Jina la Tino linatajwa hata na vijana waliozaliwa muda mrefu baadaye, na ni haki yake. Lakini sare haipatikani kwa mfungaji peke yake. Hupatikana kwa wale waliohakikisha kwamba mwenyeji hapati bao la pili. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuwataja mabeki wa siku ile? Hapo tunaona tofauti ya kumbukumbu ya tarakimu na kumbukumbu ya mchezo: ya kwanza huhifadhiwa na daftari, ya pili huhifadhiwa na masimulizi, na masimulizi yasiporekodiwa hufa pamoja na wasimuliaji.

Lililo hatarini

Nimesema kwamba hazina hii imo hatarini, na sasa ni wajibu wangu kueleza kwa nini.

Kwanza, wenye sauti wanaondoka. Leonard Mambo Mbotela na Charles Hilary wote walifariki mwaka 2025. Kila mtangazaji wa kizazi hicho anapoondoka, tunapoteza mtu ambaye angeweza kutueleza neno fulani lilianza lini, lilitoka kwa nani, na kwa nini lilishinda mengine.

Pili, njia za kuupokea mchezo zimebadilika. Kijana wa leo anaweza kutazama mabao ya mechi kumi katika simu yake kwa muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha mechi moja. Mabao hayo hukatwa na kutengwa na yaliyoyatangulia, na pasi iliyoanzisha yote aghalabu haimo. Aidha, michezo ya kubahatisha imeenea, na kwa mwenye mkeka wake mkononi, mechi nzima huwa namba tu inayosubiriwa itimie au isitimie. Sisemi haya kwa kuwalaumu vijana. Nasema tu kwamba mkeka hauhitaji neno tobo, wala neno kanzu, na lugha isiyohitajika hukauka.

Tatu, sisi wanazuoni hatujalipa deni letu. Kamusi ya jumla hutosheka na kusema kwamba chenga ni kukwepa, na haiwezi kulaumiwa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Lakini tofauti ya chenga ya mwili na chenga ya mpira, ya suluhu na sare, ya madoido na ufundi, inataka kamusi yake yenyewe, yenye mifano ya matumizi na tarehe za mifano hiyo. Inataka pia tulinganishe matumizi ya Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Nairobi na mashariki ya Kongo, bila kuharakisha kuamua yapi ni sanifu.

Kwa hiyo napendekeza kwa wanafunzi waliomo humu kazi ya aina tatu. Wapo wazee, wake kwa waume, walioisikiliza redio miaka ya sitini na sabini. Waendeeni na vinasa sauti, muwaombe wawasimulie mechi moja wanayoikumbuka, si kwa matokeo yake bali kwa jinsi ilivyochezwa. Zipo kurasa za michezo za magazeti ya Kiswahili katika maktaba zetu; zisomeni kwa utaratibu wa miaka ili tujue kila neno lilijitokeza lini. Na zipo kanda za matangazo ya zamani popote zilipohifadhiwa. Zinahitaji kunakiliwa kabla utepe haujaharibika.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, tumetumia kitenzi kufunga kwa maana ya kupata bao, na tukishindwa husema tumefungwa. Kitenzi hicho kinatukumbusha kwamba kabla ya kufunga kulikuwa na kitu kilichofunguliwa: ukuta wa mabeki, njia ya pembeni, nafasi ya hatua mbili kati ya namba tano na namba tatu. Kuijua kandanda ni kuujua ufunguzi huo, na ufunguzi huonekana kwa mtu aliyepewa maneno ya kuuonea.

Sikuja kuamua ugomvi wa suluhu na sare tasa. Lugha yetu ni pana, na maneno yote mawili yana wenyewe. Ningependa tu kwamba mtu atakayeandika tasa awe ameitazama mechi yote, akatafuta tobo, pasi ya kupenyeza, beki aliyesimama mahali panapofaa na kipa aliyeupangua mpira, asivione. Akivikuta, basi mechi ile ilizaa, na anadaiwa neno jingine.